Kava la Feni la Bi Wardah

Gari la Bi Wardah lilipochemka mbele ya lango la bandari ya Kismayo, wenye huruma walikimbilia maji. Zakir alikimbilia kivuli. Huruma yake ilikuwa ya aina ile inayopenda kukaa kwanza na kutazama kuna faida gani.

Zakir alikuwa tapeli. Tusimtukane, ni kazi kama kazi nyingine, na yeye aliifanya kwa unadhifu: kanzu iliyopigwa pasi, ndevu zenye hina, tasbihi mkononi. Vita vilimpeleka Mombasa akiwa kijana, na huko aliishi mpaka kila mtaa ulipomjua vizuri mno. Ndipo yakamshika ghafla mapenzi ya nchi yake, akarudi.

Bi Wardah alikuwa mfanyabiashara wa kambakoche. Aliwanunua kwa wavuvi wa visiwa vya Chula na Chovai, akawapeleka wazima uwanja wa ndege kwa pikapu yake nzee. Alikuwa na mali, na alikuwa na ubahili wa kuilinda. Ilisemwa kuwa hata salamu huijibu nusu, nusu nyingine akaiweka akiba. Siku hiyo alisimama mbele ya boneti iliyo wazi, mvuke ukimpanda usoni, na nyuma yake kambakoche wakifa mmoja mmoja ndani ya makreti.

"Asalaam alaykum, Bi Wardah. Pole."

"Alaykum," alijibu, akaishia hapo.

"Hebu niambie. Likikimbia barabarani, linachemka?"

"Halichemki."

"Likitambaa sokoni, au kwenye mchanga?"

"Kama chungu cha pilau ya harusi!"

Zakir akainama, akaitazama injini, akaguna kama tabibu aliyeona jambo asilotaka kuwaambia wenyewe. "Feni yako inavuta upepo wa pembeni, mama. Inajipepea yenyewe. Rejeta iko mbele yake inakufa kwa joto. Gari halina kava la feni."

Kusema kweli alikuwa akibuni. Alichokijua ni kimoja tu: katika gereji moja ya Mombasa aliwahi kumsikia fundi akimlaani mtu aliyepoteza kava la feni. Laana ile ilikuwa kali, kwa hiyo Zakir alihisi kitu chenyewe lazima kiwe cha thamani.

"Kava gani?" Bi Wardah aliuliza, jicho moja likiwaka.

"Asli, la Dubai. Limenibakia moja. Mtu mkubwa mmoja wa Mogadishu ameniomba nimwekee, lakini wewe ni mama yangu."

Pale pale wakapatana. Bi Wardah alivua bangili mkononi kwa machozi, akasema ni dhahabu ya marehemu mama yake, na kwamba ataikabidhi siku kava litakapofungwa.

Zakir alikuwa akilala kwa binamu yake Taha, nahodha wa mashua ya injini iendayo visiwani. Uani kwa Taha kulikuwa na pipa la plastiki la buluu, lililopasuka. Zakir akalitazama pipa, pipa likamtazama Zakir, wakaelewana.

Taha alimkuta akikata kitako cha pipa kwa msumeno, ulimi nje kwa umakini.

"Hicho nini, binamu?"

"Dubai."

"Sasa mbona unahangaika hivyo? Si uongo tu? Kata upesi twende zetu."

Zakir aliudhika. "Uongo uliokatwa vibaya hauuziki," alisema. Alikuwa amekwenda mapema kwa Bi Wardah, akajifanya anaisomea injini dua, kumbe vidole vinapima feni. Sasa akatoboa tundu la duara, kubwa kuliko feni kwa upana wa kidole kuizunguka yote, si zaidi wala si pungufu. Ukingo wa pipa akaupasha moto na kuukunja mpaka ukaenea nyuma ya rejeta bila kuacha pengo. Kisha akalipaka lote rangi nyeusi. Likapendeza. Hata mwenyewe, kwa kitambo kidogo, aliona fahari kuwa na bidhaa nzuri namna ile kutoka Dubai.

Alilifunga asubuhi, bolti kwa bolti, na mapanga ya feni yakakaa ndani ya tundu lake bila kugusa popote. Bi Wardah akampa bangili. Zakir aliing'ata mara moja kwa heshima, akaisukuma juu ya mkono chini ya kanzu. Mashua ya Taha ilikuwa ikimngoja.

"Unakwenda wapi?" Bi Wardah aliuliza. "Mganga huionja dawa yake kwanza. Panda."

"Mama, nina udhuru..."

"Panda, mwanangu. Kambakoche hawangoji udhuru."

Akapanda. Gari likaingia sokoni, likatambaa kati ya punda, bajaji na mikokoteni ya maji, katika jua la kukaanga yai. Zakir aliukodolea macho mshale wa joto. Alikuwa na hakika kwamba ameliziba gari pumzi na kwamba wakati wowote injini italia, watu watajaa, na yeye atapigwa akiwa amevaa kanzu safi. Akasoma kila dua aliyoijua, pamoja na nyingine za kusafiria baharini.

Mshale haukusogea.

Wakatoka sokoni wakaingia mchangani, pale gari lilipokuwa likifa kila wiki. Mshale ukapanda kidogo, ukafikiri, ukarudi. Uwanjani kambakoche walishushwa wakitikisa ndevu zao, wazima wote. Bi Wardah akafungua boneti, na madereva wengine, ambao magari yao yalikuwa yakifuka mvuke, wakaja kutazama.

"Maalim!" alisema Uthman, mwenye lori kuukuu la barafu. "Nitengenezee na mimi!"

Zakir alitabasamu. Alijua vizuri mno kwamba bahati haiji mara mbili. Kesho kava litayeyuka, keshokutwa watamtafuta. Kwa hiyo Bi Wardah alipomvuta kando na kumnong'oneza, "Niuzie mimi siri yote, uache kuwauzia wengine," alihisi milango ya pepo imefunguliwa.

"Siri hiyo ni mali ya ukoo, mama."

"Bangili ya pili, pacha ya ile."

Akamwambia. Pipa, msumeno, upana wa kidole. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alimuuzia mtu ukweli mtupu, na njia nzima mpaka ufukweni alicheka jinsi alivyomwibia.

Kabla jua halijapinda walikuwa majini kuelekea Chula. Zakir alikaa mbele, bangili zote mbili mkononi, maji ya chumvi yakimrukia. Walipofika na kupanda ufukweni, Taha alimshika mkono kumsaidia, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa mchangani.

"Mkono wako, binamu! Umeota mwani?"

Zakir akaipandisha kanzu. Kuanzia kiwiko mpaka kwapani alikuwa kijani. Alikwangua bangili kwa kisu. Chini ya ile rangi ya dhahabu palikuwa na shaba, shaba ya kutengenezea sufuria. Tapeli ana udhaifu mmoja: haamini kuwa mjini kuna mwenzake.

Hakulala hapo. Alimshurutisha Taha ageuze mashua, na kesho yake asubuhi alisimama mlangoni kwa Bi Wardah, akiwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa haki yake.

Uani palijaa magari yenye boneti wazi. Mapipa yalikuwa yamepangwa ukutani, misumeno inalia, na Bi Wardah ameketi kitini akinywa chai.

"Bangili zako ni shaba!" Zakir alifoka.

"Na kava lako ni pipa. Nililikwangua kwa ukucha kabla hujafunga bolti ya mwisho."

"Nitakushtaki kwa wazee!"

"Nenda. Waambie nini? Kwamba uliniuzia pipa la Dubai?" Akanywa funda. "Tofauti yetu ni moja, mwanangu. Shaba yangu haikufanyi kuwa tajiri. Pipa lako linapoza."

Hapo ndipo Zakir alipoelewa, na maumivu yake hayakuwa madogo. Mjini pote ni yeye peke yake aliyekuwa hakuyaamini maneno yake. Aligeuka aondoke. Kisha akaiona pikapu ya Bi Wardah karibu na lango, ufunguo umo, injini inanguruma polepole.

Akaruka ndani, akaitoa mbio kushika barabara ya Gobwen.

Hakuwa na wasiwasi. Tangu zamani aliyeiba gari Kismayo alisaidiwa na jua: wanaomfuata watachemka mchangani kabla hawajafika mbali. Akaacha lami, akaikata njia ya mchanga mzito, akatazama kiooni.

Walikuwa wakija. Lori la barafu mbele, na nyuma yake magari mengine manne ya makamo ya babu, yakitambaa, yakilala upande, yakiinuka, na hakuna hata moja lililofuka. Akaongeza moto, wakaongeza. Mwisho gurudumu lake likazama mchangani, na lori la Uthman likasimama ubavuni.

Zakir alifumba macho, akangoja ngumi.

"Maalim!" Uthman alipiga kelele dirishani, anang'aa kwa furaha. "Umetaka kutujaribu? Tumekufuata huku kote, na rejeta naishika kwa mkono!"

Bi Wardah aliteremka upande wa pili wa lori. Alimtazama Zakir kwa muda, akawatazama wateja wake, akafanya hesabu ya kimya. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nilimtuma mimi. Nilitaka muone wenyewe."

Madereva wakashangilia. Akainama dirishani kwa Zakir, akamnong'oneza, "Toka kwenye kiti changu. Kesho uje na msumeno. Mafundi wangu wanakata ovyo."

Zakir alirudi mjini kwenye lori, juu ya mabonge ya barafu, kanzu imelowa. Njia nzima madereva walimuuliza maswali. Mmoja alitaka kujua kati ya pipa la buluu na pipa jeupe lipi linapoza zaidi.

"La buluu," alijibu Zakir pale pale, akizungusha tasbihi. "La Dubai."