Turudishieni Uongo Wetu Kuhusu Sakafu ya Mbao

Ndugu Mhariri,

Natumaini wewe na wenzako hapo gazetini hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Nalalamikia makala ya ukurasa wenu wa nyumbani iliyosema kwamba watu wengi wana dhana potofu kuhusu sakafu za mbao ngumu. Sisemi ilidanganya. Ingedanganya, nisingehangaika kutafuta stempu. Ubaya wake ni kwamba yote ilikuwa kweli, na mliichapisha Jumapili, siku ambayo mume wangu yuko nyumbani na anajua miwani yake iko wapi.

Tangu seremala alipopaka vanishi ya mwisho, sebule yangu ilikuwa pepo ndogo. Ndugu wa mume wangu walipiga hodi, wakachungulia, wakasalimia kutoka kizingitini, wakaenda zao. Nilikuwa nimewaambia mambo machache tu kuhusu mbao, na yalilinda nyumba kuliko mbwa. Mmeyaua yote kwa ukurasa mmoja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mikwaruzo. Niliwafundisha kwamba sakafu ya mbao ikikwaruzwa mara moja tu, ndiyo basi tena, ni kung'oa yote. Shemeji yangu, tunayemwita Kishindo kwa jinsi anavyojitupa kitini, alikuwa anakaa kwa kubana pumzi, na hakai sana. Ninyi mkaandika kwamba mkwaruzo hupigwa msasa, ukapakwa vanishi, ukasahaulika. Jumapili hiyo hiyo Kishindo aliburuta kochi langu kutoka ukutani hadi mbele ya televisheni. Nilipopiga yowe akanijibu, "Shemeji, msasa upo." Sasa imekuwa salamu yake. Akimwaga chai, msasa upo. Akichelewa kuondoka, msasa upo.

2. Maji. Nilisema tone moja likidondoka, ubao unavimba na kuinuka. Kwa hiyo hakuna aliyekunywa kitu sebuleni, na asiyekunywa kitu hakai. Ninyi mkasema maji yakifutwa mapema hayana neno, ubaya ni kuyaacha yatuame. Basi sasa wanakunywa. Wakinywa wanapiga soga, soga ikinoga wanauliza jikoni kuna nini. Mhariri, tone la maji limenizalia wageni wa chakula cha usiku!

3. Hili limenichoma. Seremala aliniambia kwa kinywa chake kwamba mbao inapumua. Nikashika hapo hapo. Nikawaeleza wageni kwamba kitu kinachopumua huchoka, na watu wakijaa chumbani kinakosa hewa, hivyo baada ya salamu ni vizuri kutoka ili sakafu ipumzike. Walinielewa kabisa. Mume wangu mwenyewe alikuwa anawaaga ndugu zake kwa kunong'ona. Halafu mwandishi wenu akaja na maelezo yake, eti kupumua ni namna ya kusema tu, mbao hutanuka kidogo kukiwa na unyevu na hunywea kukikauka, ndiyo maana fundi huacha upenyo kandokando ya ukuta. Nani alimuuliza?

4. Mama mkwe. Yeye anatembea na mkongojo. Nilikuwa nimemwekea kigoda cha plastiki barazani, kizuri tu, karibu na ndoo za kufulia, nikamwambia mbao inateleza kwa mtu wa umri wake na mkongojo utaitoboa. Yote hayo kwa kumhurumia. Makala yenu ikasema mkongojo ukivishwa mpira chini haudhuru kitu. Mume wangu aliikata makala kwa mkasi, akaibandika mlangoni, akauvisha mpira mkongojo wa mama yake huku anapiga mluzi. Mama akaingia. Akagonga ubao mmoja, akagonga wa pili, akatazama huku na huku, kisha akasema kwa upole, "Kumbe mbao si ngumu. Mgumu ni mtu." Walicheka, walicheka! Sasa anakaa kwenye kiti changu cha dirishani.

Kwa heshima zote naomba mchapishe sahihisho. Semeni makala ile ilihusu mbao za aina nyingine, zisizopatikana huku. Ongezeni kwamba mbao za huku huchubuka hata kwa kutazamwa na huugua zikisikia kelele. Mkiona huo ni uongo mkubwa mno, semeni uchunguzi unaendelea. Hayo mmeyazoea na hakuna atakayewashangaa. Na kama hata hilo haliwezekani, mwandishi wenu aje awachukue wageni wangu akakae nao kwake, maana ndiye aliyewakaribisha.

Wasalimie wapiga chapa, wasahihishaji, na dada wa mapokezi anayenikatia simu kila nikipiga. Mwandishi wa ukurasa wa nyumbani msalimie pia, ila kwa shingo upande.

Wako katika kuilinda vanishi,

Mwenye Sakafu

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Jana nilikwenda kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye naye ametandika mbao. Nilipiga hodi. Akachungulia, akasema, "Wifi, sakafu yangu inapumua, na hivyo visigino vyako vitaitoboa." Akanipa kigoda cha plastiki nje, karibu na ndoo. Nikakaa pale nasikia wenzangu wanacheka ndani, na sikufichi, Mhariri, nililia. Aliyetoka kuja kukaa nami ni mama mkwe. Alikuja na kikombe chake cha chai, akaninywesha nusu. Tafadhali msichapishe sahihisho lolote. Irudieni makala ile ile, kwa herufi kubwa, mnitumie nakala nikaibandike mlangoni kwa wifi. Ya kwangu siwezi kuibandua, mama mkwe hupenda kuisoma akiingia.