Kamati ya Unyenyekevu na Miguu Iliyokwisha Kuoshwa

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Unyenyekevu wa Hadharani ya kanisa letu inatangaza kwamba Siku ya Kuosha Miguu imefanyika na imefana sana. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo ninayoyasema ni rasmi. Hayo mengine yanayozagaa mtaani ni umbea wa watu waliokunywa chai yetu.

Nianze na msingi wa imani. Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu chumbani, taulo kiunoni, bila kipaza sauti wala mpiga picha. Kamati iliubaini upungufu huo na ikaurekebisha. Tulijadili pia, kwa kirefu, yale maagizo kwamba mtu akitoa msaada, mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Tuliafikiana mkono wa kushoto upewe taarifa mapema, usije ukalalamika.

Mwosha miguu alikuwa Mwenyekiti wetu, na kilichokuwa kinamkosesha usingizi sina sababu ya kukificha. Askofu alikuwa anakuja kuchagua Msimamizi wa Unyenyekevu wa jimbo zima, cheo chenye gari, dereva na kiti cha mbele kwenye kila ibada. Mwenyekiti alikitaka cheo hicho kuliko anavyoutaka mlo wa mchana, na mimi nimeshamwona akiutaka mlo wa mchana. Alikuwa na hotuba ya kukikataa, halafu ya kukikubali baada ya kubembelezwa. Kumbembeleza nilipangiwa mimi. Nilimwombea kwa moyo wote, maana msimamizi wa jimbo hawezi kukosa katibu wa jimbo.

Hatukulala. Tulifanya semina ya kupiga magoti, tukanunua mto wa kupigia magoti, tena wa mahameli. Kisha Kamati Ndogo ya Miguu, ambayo pia ni mimi, ikawasaili waumini na kuteua kumi na wawili wenye miguu ya kuridhisha. Niliikagua kwa tochi hadi katikati ya vidole. Sharti lilikuwa moja: siku ya kuoshwa, kila mmoja aje akiwa ameshaosha miguu, kucha amekata na mafuta amepaka. Wapo walioguna, eti kama miguu ni safi, inaoshwa ya nini. Hao hawajui itifaki. Mtu wa hadhi ya Mwenyekiti huwezi kumkabidhi mguu mchafu.

Siku yenyewe mvua ikatuharibia. Ilinyesha hadi alfajiri, na wateule wangu wote wakafika na matope hadi juu ya vifundo. Niliwazuia mlangoni. Niliwaelekeza waende nyuma ya jengo, penye bomba, wakaoshe miguu ili waje waoshwe miguu. Wakaenda, na hawakurudi.

Nikawafuata. Huko nyuma alikuwepo mke wa Mwenyekiti. Yeye hayumo kwenye kamati yoyote, huja tu. Kazi yake asubuhi ile ilikuwa vikombe vya chai. Nikamkuta ameviacha, amevuta benchi, amechanganya maji ya moto ya birika na ya bomba kwenye beseni, amechuchumaa anaosha watu miguu. Bibi mmoja aliyekula chumvi nyingi, ambaye kiuno hakimruhusu kuinama, alikuwa amefumba macho kama mtu anayekunwa mgongo. Wenzake walikuwa kwenye foleni wanapiga soga. Hakukuwa na bango wala ratiba, hata mtu wa kutambulisha wageni hakukuwa. Iliniuma sana.

“Shemeji,” nikamwambia, “shughuli hii ina kamati.”

“Najua, shemeji. Hebu nishikie taulo.”

Taulo nililishika, lakini nililishika kwa kupinga.

Niliporudi ndani, Askofu ameshaketi. Mwenyekiti yuko juu ya mto wake, goti chini, mikono ndani ya beseni, tabasamu limeshaanza kumchosha. Mbele yake kuna viti kumi na viwili na hakuna hata mguu mmoja. Kwaya iliumaliza wimbo, ikaurudia tena na tena mpaka waimbaji wa sauti ya pili wakakauka koo. Mpiga picha, kwa kukosa kazi, akalipiga picha beseni. Mwenyekiti akanikonyeza nisogee, akaninong'oneza nimletee miguu, yoyote ile, haraka.

Nikatoka mbio. Miguu niliikuta imeshakaushwa, imo kwenye kandambili, na wenyewe wana vikombe mkononi. Niliwasihi. Yule bibi akaniambia yeye ameshaoshwa, kwani yeye ni sufuria aoshwe mara mbili? Nikawaomba basi wakanyage tena matope kidogo tu, kwa faida ya kanisa. Walinitazama kwa huruma, na mmoja akanipa chai.

Kumbe Askofu alichoka kutazama viti. Nikamwona anakuja nyuma ya jengo, viatu vyake vimejaa matope, maana gari lake lilinasa getini na yeye alishuka kusukuma. Alipoona foleni, akasimama mwishoni. Zamu yake ilipofika akavua soksi, akakaa. Mke wa Mwenyekiti hakuinua hata macho.

“Mguu mwingine, baba,” akamwambia.

Askofu akautoa. Akataka kumuuliza yuko katika idara gani ya kanisa, lakini mama akamkatiza kwa upole, akamwomba, kama amemaliza, ampishe mwenzake. Askofu akampisha.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipotokea mbio, hotuba zote mbili kwapani. Goti lilikuwa limeshakakamaa. Alipofika kwenye kona ya bomba akateleza, akaketi katikati ya matope kwa kishindo, na hotuba ya kukataa ikaenda huku, ya kukubali ikaenda kule. Tulimwinua, tukamweka kwenye benchi. Hakuna aliyecheka, isipokuwa wote.

Mkewe akamvua kiatu, kisha soksi. Nyumbani kwake bwana huyu huitisha maji ya kunawa akiwa amekaa kitini, na huletewa. Lakini pale mbele za watu sijui kilimpata nini. Mama alimwosha vilevile alivyowaosha wengine, wala hakuongeza wala hakupunguza, na mimi niliyesimama karibu nilimwona Mwenyekiti akijaribu kuurudisha mguu wake.

“Baba Askofu,” akasema kwa shida, “ile nafasi ya usimamizi...”

“Nimeifuta,” Askofu akamjibu huku akifunga kamba za viatu. “Kazi yenyewe naona inafanyika bila msimamizi.”

Nikauliza, kwa niaba ya wanachama, kuhusu hatima ya kamati. Akasema hiyo pia.

Mke wa Mwenyekiti akanyanyuka, akajinyoosha mgongo.

“Baba watoto, vikombe vinanisubiri. Malizia hapa.”

Akamtupia taulo begani, akaenda zake. Kwenye foleni alikuwa amebaki mlinzi, aliyesimama getini tangu asubuhi na ndiye aliyesukuma gari pamoja na Askofu. Alipovua mabuti, tuliokuwa karibu tulirudi nyuma kidogo. Mwenyekiti akamtafuta mpiga picha kwa macho. Kumbe naye mpiga picha alikuwa peku, anakunywa chai. Akautafuta mto. Hakuna aliyekumbuka kuuleta. Akapiga magoti kwenye kokoto.

Mlinzi aliona haya, akairudisha miguu chini ya benchi.

“Lete tu, ndugu yangu,” Mwenyekiti akasema. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo vile.

Akaosha unyayo, akaosha kisigino, akaingia hadi katikati ya vidole. Maji yakageuka rangi. Nilimsogelea, nikamuuliza kwa adabu jambo hili niliripotije. Hakuniangalia. Akanisukumia ndoo kwa kiwiko, akasema maji haya yamechafuka, niende nikachote mengine. Nikachukua ndoo nikaenda bombani, kwa niaba ya kamati iliyokuwa imeshafutwa.