Samaki wa Kulazia Boti

Jumatatu, 22 Juni 2015

Nimenunua boti. Naandika tena maana hata mimi siamini: mimi Polycarpe, mpanga maboksi wa ghala la Okolona hapa Louisville, nina boti. Ina paa la turubai, viti vyekundu vilivyopasuka kidogo, na injini inayokohoa kisha inakubali. Muuzaji ni Paluku, Mkongomani tunayepakia naye malori zamu ya asubuhi. Aliisifia mpaka nikaona haya kubisha. "Bon, ndugu yangu, iyi boti iko muzuri sana," alisema. "Donc, shida yake ni pa kulala tu."

Hakusema shida hiyo ina ukubwa gani. Boti haina tela la kuivutia kwa gari. Bila tela haitoki majini, na mto Ohio hauna mahali pa kuacha mali yako ukaenda zako nyumbani. Leo imelala kwa rafiki wa Paluku. Kesho anaitaka iondoke.

Angelika, mke wangu, hajui lolote. Asijue mpaka Alhamisi. Alhamisi anafika kaka yake kutoka Buffalo, shemeji Jean Bosco. Bwana huyu anakaa Riverside, karibu na mto Niagara, na kila Jumapili anatutumia picha amesimama mbele ya boti, miwani ya jua usoni. Boti si yake, nina hakika. Lakini Angelika huikuza picha kwa vidole na kusema kaka amefika mbali. Mimi nipo palepale kwenye kochi. Sasa tutaona nani amefika mbali.

Jumanne, 23 Juni

Nimepata! Kuna baa kando ya mto, ina gati lake. Kibao kinasema kulaza boti usiku ni kwa malipo, na malipo yenyewe yalinifanya nisome mara mbili. Lakini chini yake: anayekula chakula cha jioni, boti yake inalala bure. Nikatazama orodha ya vyakula. Samaki wa kukaanga ni rahisi kuliko malipo. Nikawahurumia wenye baa, hawakukaa chini wakapiga hesabu.

Mlokole kuingia baa ni aibu, nakiri. Niliegesha gari nyuma ya mapipa ya taka. Niliagiza soda kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie kuwa ni soda. Nikala. Boti ikalala.

Sikufikiria chakula cha nyumbani. Angelika alikuwa amepika ugali, maharage na mboga za lengalenga, na mimi tumbo limejaa mpaka kifuani. Nikasema sijisikii kula. Akanishika paji la uso, akauliza naumwa wapi. Nikatafuta uongo mdogo, nikapata mkubwa: nikasema nimeanza mfungo. Maji tu, mpaka Alhamisi. Akauliza naombea nini. Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Nikasema namwombea Spés.

Spés ni mdogo wake. Bado yuko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na watoto, anasubiri kuitwa kwenye usaili wa kuja huku. Kila wakiitwa watu, yeye hayumo. Angelika huamka na simu mkononi kutazama kama kuna habari. Niliposema jina hilo alikaa akanitazama kama alivyonitazama siku ya harusi yetu. Nimeingia kitandani na aibu, pamoja na kiungulia.

Jumatano, 24 Juni

Samaki. Mama mhudumu wa pale ameanza kuniita Kapteni. Nimelipenda jina. Nilijaribu kuagiza supu peke yake, akaniambia mwenye baa haihesabu supu kuwa chakula cha jioni. Basi samaki, mzima, na viazi vyake.

Nyumbani maharage ya jana yako vilevile kwenye friji. Angelika anapika kingi mno siku hizi. Nimemwambia tusiharibu chakula, kuna watu wana njaa. Akasema sawa.

Amemweleza Mchungaji habari za mfungo. Mchungaji Ruberwa amenipigia simu kunitia moyo. Amesema hata sauti yangu imebadilika, imekuwa ya mtu aliye karibu na Mungu. Nilikuwa na mwiba kooni.

Alhamisi, 25 Juni

Jean Bosco hakufika. Gari limemfia njiani, Columbus. Amepokewa na rafiki yake Aganze huko Westerville, na fundi anasubiri kifaa. Atafika Jumapili. Kumbe mtu anaweza kuwa na picha nyingi za boti na asiwe na gari la kumfikisha Louisville. Naandika hili bila furaha. Kidogo tu.

Lakini boti haiwezi kungoja Jumapili bila kulala. Nikaenda, nikala. Narudi nyumbani nakuta meza imeandaliwa: ndizi, nyama, pilipili ya kusaga, kitambaa cha sikukuu. Ni jioni ya kumaliza mfungo! Nilisahau kabisa. Sikuweza hata kijiko. Nikasema nimeguswa kuendelea mpaka Jumapili.

Angelika akakaa chini polepole. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akarudisha nyama kwenye friji, yote. Aliushikilia mlango wa friji kwa muda, nikadhani anaomba.

Ijumaa, 26 Juni

Paluku amenikuta nyuma ya lori nakula mandazi. Akasimama, akanitazama. Akasema, "Généreuse ananiambia weye uko unafunga. Sasa iyi ni nini?" Généreuse ni mke wake, rafiki mkubwa wa mke wangu. Nikasema ni dawa. Paluku alicheka mpaka akakaa juu ya boksi lililoandikwa lisikaliwe. Nikamnunulia soda anyamaze. Akachukua na mandazi yaliyobaki.

Mkanda wa suruali umehama tundu. Sikuusogeza kwenda ndani.

Jioni mazoezi ya kwaya, nimetoka mtoni moja kwa moja. Mchungaji amenisimamisha mbele, akasema tazameni uso wa mtu anayefunga, unavyong'aa. Ni mafuta ya baa. Wanakwaya wawili wakaomba niwawekee mikono. Nikawawekea. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikaomba haraka haraka na kufumbua macho kabla yao.

Angelika hakuja, amesema amechoka. Anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee, na leo msimamizi alimwambia aketi kidogo. Nimemshauri apunguze kazi za nyumbani. Naona nilisema vizuri.

Jumamosi, 27 Juni

Samaki. Mama mhudumu hakuniuliza chochote. Aliponiona tu natembea gatini, alimwinulia mpishi kidole. Kesho Jean Bosco. Kesho yote haya yatakuwa na maana.

Jumapili, 28 Juni

Niandike ilivyokuwa, nisijitetee.

Jean Bosco alifika ibada ya alasiri inakwisha. Mchungaji alikuwa ameshanisimamisha, kanisa limeshanipigia makofi. Nikawaambia mke na shemeji waingie kwenye gari langu, kuna kitu nataka kuwaonyesha. Njiani nilikuwa napiga mluzi.

Jean Bosco alipoiona boti alivua miwani. Akaizunguka, akagusa kiti kilichopasuka, akauliza kama ni yangu kweli. Nikasema ni yangu. Akakiri mwenyewe, mbele ya dada yake, kwamba ile ya kwenye picha ni ya bosi wake. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo kwa miaka. Nikamgeukia Angelika nione uso wake. Alikuwa ameshika nguzo ya gati. Akasema anasikia kizunguzungu, anaomba kukaa.

Tukakaa kwenye meza ya nje ya baa. Hatukuagiza. Mama mhudumu akaja na sahani: samaki mzima, viazi, kipande cha limau. Akaiweka mbele yangu. Akasema kwa furaha, Kapteni, kama kawaida. Halafu akamgeukia Angelika na kumwambia amefurahi kumwona mke wa Kapteni hatimaye, maana mwanamume anayekula peke yake kila jioni alikuwa anamtia wasiwasi. Alisema kwa wema kabisa. Angelika amesoma Kiingereza kuliko mimi, hakuhitaji mkalimani.

Jean Bosco alitazama mto. Mimi nilimtazama samaki.

Kisha Jean Bosco akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe umekula lini?"

Ndivyo nilivyojua. Alikuwa anafunga pamoja nami tangu Jumanne. Maji, na uji mwepesi usiku ili aweze kusimama kazini. Hakuniambia kwa sababu hakutaka nimwonee huruma nikaacha njiani. Nilipoongeza siku, naye akaongeza. Akaeleza yote hayo bila kunitazama. Mwishoni akasema, "Nilidhani tunambeba Spés wote wawili."

Nilitaka mbao za gati zifunguke niingie mtoni. Badala yake nikaanza kueleza malipo ya kulaza boti. Nikaonyesha kibao. Ndiyo, nilikionyesha kwa kidole, na nikamsomea mstari wa chini. Mke wangu amekaa na njaa siku zote hizo kwa ajili ya maneno yangu, na mimi namsomea kibao.

Hakupaza sauti. Aliivuta sahani mpaka kwake. Akainamisha kichwa, akaomba, nikasikia jina la Spés. Halafu akala. Taratibu, kipande kwa kipande, samaki, viazi, hata limau akalifyonza. Sikukaribishwa. Tulikaa pale, mimi na shemeji, mpaka akamaliza mkia na kufuta vidole.

Mama mhudumu akaja na kitabu chake, akauliza boti ya leo aiandike kwa jina la nani, maana aliyekula si Kapteni. Angelika akataja jina lake.

Sasa tuko nyumbani. Nimefungua friji. Maharage ya Jumanne yapo. Nyama ya Alhamisi ipo. Kitu pekee kilichopungua ni maji. Nina aibu. Naandika tena kwa sababu mara moja haitoshi: nina aibu.

Jumatatu, 29 Juni

Angelika amesema mambo mawili. Boti iondoke. Na Jumapili nisimame kanisani niseme ukweli kwa mdomo wangu. Nimekubali yote mawili kabla hajamaliza kusema.

Jean Bosco ameondoka asubuhi. Alinipa mkono, lakini si wote, ncha za vidole tu. Dada yake alimkumbatia mpaka nikaenda kujifanya natafuta funguo.

Jumapili, 5 Julai

Nilisimama. Nilisema sikufunga hata siku moja. Nilisema nilikuwa baani nakula samaki ili boti ilale bure, na kwamba aliyefunga ni mke wangu. Nilisema na habari za mandazi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Mzee mmoja wa nyuma akauliza baa ipi.

Mchungaji hakunikemea, na hilo liliniuma zaidi. Amesema nipumzike kwanza kuwekea watu mikono. Kisha akamwita Angelika mbele, kanisa zima likasimama kumwombea yeye na Spés. Waliomba kwa machozi. Mimi nilibaki kwenye kiti changu na kulia kama wao, bila mtu wa kunipa kitambaa.

Naapa hapa, kwa mwandiko wangu: sitaficha tena mambo yangu nyuma ya maombi. Kamwe. Nikisahau, nifungue ukurasa huu.

Alhamisi, 9 Julai

Boti imeondoka! Paluku ameichukua mwenyewe. Pesa hakuwa nayo, kwa hiyo tumebadilishana. Amenipa karavani, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari. Ina vitanda viwili na jiko, na ni karibu mpya ukiacha paa. Jean Bosco hana karavani. Hana hata picha ya karavani. Paluku amesema shida yake ni pa kulala tu.

Mtaani kwetu hawaruhusu kuiegesha. Lakini nimeulizia. Kuna duka kubwa, uwanja wake ni mpana, na usiku karavani inakaa bure kabisa. Sharti ni moja: mwenyewe awe amelala ndani. Nikawahurumia, hawa nao hawakupiga hesabu.

Ukurasa wa Jumapili nimeusoma. Hauhusiki. Ule ulikuwa mfungo.

Jioni nimekula ugali wote, nikaomba wa kuongeza, ili Angelika aone nimebadilika. Kisha nikamwambia, kwa unyenyekevu, kwamba nimeguswa kuanza mkesha. Usiku kucha, kila usiku, kwa ajili ya toba. Karavani sikuitaja. Wala si uongo, kwa sababu nikiwa mle ndani nitaomba. Nikaongeza kuwa namwombea na Spés. Limenitoka tu. Aibu ilinichoma palepale, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Angelika aliendelea kuosha sufuria. Mchana alikuwa ameongea na Généreuse kwenye simu muda mrefu, sijui walikuwa na habari gani. Alipomaliza alikausha mikono, akaenda chumbani, akarudi na blanketi na mto wake. Amesema atakesha nami. Akaniuliza kama hiyo nyumba ya maombi ina mapazia, au alete ya kwetu.