Jaji Mkuu Kaangushwa na Karafuu

Leo nimeadhirika. Tena si kwa fitina ya mtu. Ni kwa sheria niliyoitunga mwenyewe, nikaipigania miezi mitatu mtandaoni, nikagombana na watu ambao hata sura zao sizijui.

Kwa wasiojua, mimi ni Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Mawimbi. (Nilikuwa. Tutafika huko.) Jamhuri yenyewe haipo kwenye ramani yoyote, ipo kwenye simu. Ni mchezo. Kila mmoja ana jina lake la uongo, tuna bunge, tuna vyama, tuna uchaguzi, na tuna mawaziri wanaojiuzulu kwa hasira kila Ijumaa. Hapa Pemba nimeona siasa za kweli zikiwafanya watu wa mtaa mmoja wasizikane, kwa hiyo hizi za mchezo nazipenda mno. Ukikasirika unazima simu, unakwenda kula.

Kwenye mchezo mimi ni mwanasheria mtu mzima wa Dar es Salaam, nakaa ghorofani. Kwenye maisha ni Zuhura wa Jadida, Wete, fundi cherehani, nakaa kwa mama.

Sasa mahakama yetu ilikuwa aibu tupu. Kesi zilikuwa zikiamuliwa kwa alama za dole gumba. Mshitakiwa mwenye marafiki wengi anapata madole mengi, basi kashinda, aende zake. Na jaji aliyekuwepo kabla yangu alikuwa akifika katikati ya kesi anapotea siku tatu, akirudi anasema mtandao ulikuwa mbovu. Nikasema haiwezekani. Nikaandika mageuzi. Kesi zisikilizwe kwa sauti, mubashara. Kila kinachosemwa kirekodiwe na kiwe ushahidi. Halafu Ibara ya Saba, kipenzi changu: jaji akiinuka kitini kabla ya kumaliza kusoma hukumu, kiti si chake tena, na hakuna udhuru.

Mbunge mmoja akauliza, "Hata akipatwa na dharura?"

Nikamjibu, "Mheshimiwa, mahakama si baraza la kahawa." (Nilijiona sana siku ile. Jibu hilo nililirudia kulisoma mara nne.)

Bunge likakubali kwa sharti moja: kwanza iendeshwe kesi ya majaribio. Ikienda vizuri, mageuzi yanapita. Ikiharibika, tunarudi kwenye madole gumba. Kesi yenyewe ndiyo ya leo, saa tisa alasiri. Jana sikupata usingizi wa maana.

Mshitakiwa alikuwa Seneta Tufani, daktari anayeishi Ulaya, kwa maelezo yake. Alishitakiwa kwa kujipigia kura kwa majina matatu. Nikajifungia chumbani, simu juu ya meza ya cherehani, masikioni nimetia zile spika ndogo zisizo na waya, zenye kinasa sauti ndani yake. Nikaanza kesi kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi bafuni wiki nzima.

Hapa lazima niwaeleze jambo, hasa nyinyi msio wa huku. Nje, kwenye kiwanja cha mbele, karafuu zetu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, pamoja na za jirani. Zilikuwa zimepigwa jua siku tatu, bado moja tu. Karafuu iliyokaribia kukauka ikirowa, basi tena, kazi yote imekwenda bure. Ndiyo maana mtu akiita mvua, mtaa mzima unatoka kuanua. Huulizi za nani. Mgonjwa anatoka. Bwana harusi anatoka. Hata asiye na karafuu hata moja anatoka.

Turudi mahakamani. Mambo yalikuwa yananyooka mpaka nikajiogopa. Mashahidi walisema, wakanyamaza walipoambiwa wanyamaze. Seneta Tufani alijitetea kwa Kiswahili cha msoma habari, sauti imefunikwa funikwa kama mtu aliyeziba mdomo kwa leso.

"Mheshimiwa Jaji, tuhuma hizi hazina mashiko."

"Mahakama imekusikia, Seneta."

Karani wa mahakama, ambaye kwenye mchezo anaitwa Bisibisi, akaniandikia pembeni kwamba wabunge wote wanasikiliza na wamefurahi. Nikakohoa kidogo. Nikaanza kusoma hukumu.

"Kwa kuzingatia ushahidi wa sauti uliotolewa mbele ya mahakama hii tukufu, mahakama inamwona mshitakiwa..."

"Zuhura! Mvua yaja! Karafuu!"

Huyo mama, yuko nje.

Wallahi sikuamua. Miguu ndiyo iliyoamua. Kiti kikaanguka huko, mimi niko mlangoni. Na wakati huo huo, masikioni, nikamsikia Seneta Tufani, mkaazi wa Ulaya, leso imeshamtoka: "Lahaula! Karafuu zarowa!" Kisha mlango ukabamizwa. Niliusikia mara mbili, mara ya kwanza sikioni, mara ya pili nyumba ya pili. (Nikadhani ni mwangwi. Mtu hudhani mengi akiwa anakimbia.)

Nikafika kiwanjani, simu nimeiacha mezani, spika bado zimo masikioni na zinafanya kazi yake vizuri tu. Mama keshashika ncha moja ya jamvi.

"Shika huko! Tangu alasiri umekaa kitako wazungumza na ukuta kwa sauti ya kiume." Kisha akawageukia majirani, "Leo kanyanyuka. Alhamdulillahi. Nalidhani kagandana na kiti."

Ncha ya upande wa pili ilishikwa na Maalim Mbwana, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Maalim ni mwalimu mstaafu. Alinisomesha somo la uraia darasa la sita, na mpaka leo nikimwona njiani huangalia kama kucha zangu ni safi.

"Shikamoo, Maalim."

"Shikamoo, Maalim," ukasema mfuko wa shati lake.

Ilikuwa sauti yangu, imechelewa kidogo tu. Maalim akauangalia mfuko wake, simu imo ndani. Mimi nikagusa sikio langu.

"Maalim?" nikasema.

"Maalim?" ukasema mfuko.

Mama akachoka na sisi. "Mwangaliana nini? Kunjeni!" Na mfuko nao ukatuamrisha tukunje.

Tukakunja. Maalim akainama karibu, akanong'ona kama vile kunong'ona kutasaidia.

"Zuhura. Kumbe Jaji ndiye weye?"

"Ndiye mimi, Maalim."

"Na ulikuwa wanitia hatiani?"

"Ndiyo, Maalim. Unisamehe. Kwa yale majina matatu."

Akafikiri kidogo. Mtu wa dini, hakupenda kuacha jambo nusu.

"Ni manne," akasema.

"Ni manne," ukasema mfuko.

Kisha nikamsikia Karani Bisibisi, masikioni mwangu na kifuani mwa Maalim kwa pamoja, akisoma taratibu, mtu aliyezaliwa kwa kazi hii.

"Kumbukumbu ya mahakama. Mshitakiwa amekiri mwenyewe, na ameongeza jina moja. Vilevile, shahidi aliyejitokeza, anayeitwa Mama, amethibitisha kwamba Jaji Mkuu amenyanyuka. Kwa mujibu wa Ibara ya Saba, kiti cha Jaji Mkuu kiko wazi. Ushahidi wote umerekodiwa."

Nikasema, "Karani, ilikuwa dharura."

Sauti nyingine ikadakia, yule mbunge wangu wa siku ile. "Mheshimiwa mstaafu, mahakama si baraza la kahawa."

Bunge likapiga kura kabla hatujamaliza kutia karafuu kwenye magunia. Mageuzi yamepita, hakuna hata mmoja aliyepinga. Wanasema hawajawahi kuona mahakama iliyomshughulikia mshitakiwa na jaji kwa siku moja. Nimefurahi, maana ndicho nilichokitaka miezi yote hii. Na nimeumia, maana kile kiti nilikipenda. Maalim kavuliwa useneta. Kaniambia Ibara ya Saba imeandikwa vyema, angenipa alama nane juu ya kumi, mbili kanikata kwa kutofikiria msimu.

Kuna jingine. Bisibisi ameandika kuuliza kama yule shahidi aitwaye Mama yuko tayari kupendekezwa kuwa Jaji Mkuu mpya, kwa sababu wananchi wamependa anavyosema mambo waziwazi. Nikamweleza mama, kwa urefu, jamhuri, bunge, kiti na heshima yake yote. Akanisikiliza akiwa anafunga gunia.

"Nikae kitako huko," akasema, "halafu karafuu aanike nani?"

Na mvua? Ilidondosha matone ya kuhesabika, ikageuza njia ikaenda zake upande wa Shumba. Jua likatoka kali kuliko la asubuhi. Sasa hivi tunayatandaza majamvi upya, mimi ncha hii, Maalim ncha ile, hatuangaliani.

Sheria nimetunga mimi, ushahidi katoa mama yangu mzazi, na mvua yenyewe haikunyesha. Atakayecheka, namshitaki. Jaji atatafutwa.