Magoti ya Luhaga na Jembe la Hewani

Mkula, Busega

Ndugu Mwenyekiti wa Kikundi cha Ngoma, ambaye pia ni shemeji yangu, Januarius Machibya,

Mwangaluka. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika mpaka nimeunguza ugali. Naomba umwondoe mume wangu Luhaga kwenye mchezo wa kurusha jembe kabla ya mashindano ya Bariadi Jumamosi. Sababu zangu ni hizi:

1. Unajua anavyocheza. Anarusha jembe juu, anajiangusha kwa magoti, puu! kisha analidaka. Watu vigelegele. Magoti hakuna anayeyapa pole.

2. Daktari ametueleza kwamba ndani ya goti kuna gegedu, kile kitu cheupe nyororo tunachogombania kwenye ncha ya paja la kuku. Ndilo linalozuia mifupa isisagane. Kila kishindo hulipasua kidogo kidogo. Halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo halinung'uniki. Halina damu, kwa hiyo halijiponyi. Hivi kweli, shemeji, kitu kama hicho unamwachia mwanaume akitunze?

3. Tangu uwanja ukauke, goti la kulia linalia kama mlango wa ghala. Padri amemruhusu asipige magoti kanisani. Yaani mbele za Mungu anakaa kwenye benchi, mbele yako anapiga magoti kwa kishindo! Hilo utalijibu mwenyewe.

4. Ukishindwa kumwondoa, mwaga pamba uwanja mzima, ifike kiunoni. Pamba ikikosekana, ninyi wajumbe wa kamati mlale chini na wachezaji waangukie matumbo yenu, maana minofu mnayo na kazi hamna.

5. Hapa sitanii. Naogopa. Mvua zikianza nani atashika plau? Nampenda mtu huyu, nataka azeeke anatembea.

Kwa hiyo mwenye akili timamu hawezi kujiangusha juu ya goti lake. Nisalimie dada Ernestina, watoto, na wapiga ngoma wote, hata Theonest anayepiga anavyojisikia.

Ni mimi mwenye uchungu na goti la mwenzangu,
Mektilda, mke wa Luhaga

Nyongeza: Nafasi yake usiiache wazi, wapinzani wetu wa Kalemela watatucheka mwaka mzima. Nipange mimi, mstari wa mbele. Nimekuwa nikifanya mazoezi nyuma ya zizi, Luhaga hajui. Jana nilijiangusha, puu! nikalidaka jembe, nikapiga kelele mpaka maksai wakavunja uzio. Shemeji, sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.