Kujaza Mabenchi ya Mwalimu Reuben

Jumatatu, 4 Februari 1957

Viganja vimechubuka tena. Kamba ya pantoni haina huruma, na nyapara Hiribae anaishinda kamba. Naandika ili vidole visisahau kalamu. Mtu aliyefika darasa la tatu kule Taita hakuzaliwa kuvuta malori ya watu kuvuka Mto Tana.

Leo Mwalimu Reuben alipanda pantoni, akavuka, akarudi nasi, bila safari yoyote. Nikamwuliza kulikoni. Akasema mkaguzi anakuja Jumatano ya wiki ijayo, na akikuta mabenchi matupu, skuli itafungwa. Nayo ni matupu! Mpunga unatia maziwa, watoto wote wako juu ya madungu wakiwinga ndege. Aliwaandikia wakubwa likizo isogezwe ifuate mpunga. Wakamjibu kwamba kalenda ni moja kwa nchi nzima. Reuben anadhani huko Nairobi ndege hula ofisini.

Amechoka. Zamani suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukata mkate. Siku hizi imelegea kama yangu. Anasema serikali inataka afundishe kilimo zaidi, naye kilimo alifundishwa na baba za watoto haohao. Halafu mtihani wa darasa la nne unawarudisha karibu wote shambani, na wazazi wanamlaumu yeye.

Nikamwambia nitamjazia mabenchi. Naye amwombe mkaguzi anichukue niwe mwalimu msaidizi. Kivuli, chaki, hakuna kamba! Akacheka. Nimehesabu kicheko kuwa ndiyo.

Jumanne, 5 Februari

Nilianza na Mama Kaviha, maana shamba lake linapakana na skuli na ana watoto wengi. Nikamwambia elimu ni taa. Akaniuliza kama hiyo taa inafukuza ndege. Kaviha, mwanawe wa kwanza, alimaliza miaka minne, mtihani ukamkataa. Sasa yuko juu ya dungu lilelile, ila anawatukana ndege kwa Kiingereza.

Nikasisitiza. Akasema kama nina uchungu sana na skuli, nipande dungu mimi, watoto waende. Nikakubali papo hapo. Kazi ya kukaa!

Alhamisi, 7 Februari

Si kazi ya kukaa. Unapiga kelele huku, ndege wanashuka kule. Kombeo lilirusha jiwe nyuma yangu, likaangukia chungu cha Mama Kaviha. Nikafumba macho kidogo tu. Nilipoyafumbua, pembe nzima ya shamba ilikuwa makapi.

Mama Kaviha alinifukuza kwa madonge ya udongo. Alisema ndege wamemwonea haya kuliko mimi, maana wao angalau huondoka wakishiba. Hiribae alisikia yote kutoka kivukoni. Jioni nzima ananiita Mwalimu wa Ndege.

Ijumaa, 8 Februari

Mungu hamtupi mja wake! Ng'ombe wamefika. Huko bara nyasi zimekwisha, na Mzee Godana ameshuka mtoni na kundi lake, na pamoja nalo watoto wengi ajabu, wameshika fimbo, hawana ndege wa kuwinga. Mabenchi yamejaa kabla sijayagusa.

Nilimwendea na tumbaku. Nikamwomba watoto wake wakae skuli asubuhi moja tu. Akasema, "Mtoto kaa skuli, ng'ombe nani angalia?" Vijana wake wakubwa wako mbali, wanachunga ngamia. Hapa mtoni watoto ndio wachungaji.

Nikasema nitaangalia mimi. Taita nilichunga mbuzi, na ng'ombe ni mbuzi aliyenenepa. Akasema, "Hii ng'ombe sikia mtu yake tu." Kila mtoto ana mluzi wake, na mnyama anajua wake. Nikapiga mluzi kumwonyesha. Ng'ombe mmoja akainua kichwa! Godana alisema alikuwa anakohoa.

Mwishowe akakubali. Ana mjukuu, Huka, anayechora alama za ng'ombe mchangani siku nzima, na mzee angependa amwone na kalamu.

Jumapili, 10 Februari

Nilimweleza Reuben. Hakufurahi nilivyotarajia. Alisema anataka wanafunzi, hataki kukodishiwa umati. Tena akauliza mkaguzi akiondoka, watoto wa Godana watabaki? Nikamwambia hilo ni la Alhamisi.

Anasema hajali tena, wafunge tu. Lakini baada ya ibada nilimwona peke yake akikandika ukuta wa skuli kwa mikono.

Jumanne, 12 Februari

Kila kitu tayari. Mkaguzi atatoka Malindi, upande wetuwetu, hahitaji pantoni. Nimemwambia Hiribae tumbo linaniuma na kesho sitaweza kuvuta. Akasema tumbo langu ndilo kiungo pekee kinachofanya kazi kila siku. Lakini ameniruhusu.

Jumatano, 13 Februari

Niandike upesi.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Watoto wa Godana waliketi wamebanana, fimbo chini ya mabenchi. Reuben aliandika herufi ubaoni, na Huka akazisoma zote baada ya kuonyeshwa mara moja. Nilichungulia dirishani. Reuben alikuwa anatabasamu. Alikuwa amepiga suruali pasi!

Nikarudi kwa ng'ombe kando ya maji, wametulia kama waumini. Mara honi ng'ambo ya mto. Motokaa ya serikali! Mkaguzi alilala Kipini, akatokea upande usio wake. Hiribae akaja mbio, akanikuta mzima nimeegemea fimbo, akanishika shingo. Alisema mgonjwa anayeweza kuchunga anaweza kuvuta. Nikavuta. Ningefanyaje? Bila pantoni hakuna mkaguzi, bila mkaguzi hakuna usaidizi!

Tulipokuwa katikati ya mto nikaona migongo ya ng'ombe ndani ya mpunga wa Mama Kaviha. Nikapiga mluzi. Hakuna aliyekohoa hata mmoja.

Mama Kaviha akapiga ukemi. Watoto wake wakaruka kutoka madunguni na makombeo. Watoto wa Godana wakasikia ng'ombe wao wanapigwa, wakatoka kwa mlango na kwa madirisha. Wote wakakutana mpungani. Jiwe likampata Huka juu ya jicho. Godana akaja na mkuki, wanaume wa mashambani wakaja na mapanga. Reuben akasimama katikati, chaki mkononi, akiita majina ya watoto kama anaita mahudhurio. Ndipo watu wazima wakaona haya, wakashusha mikono.

Mkaguzi alisimama mlangoni akitazama mabenchi. Akauliza wanafunzi wako wapi. Reuben akamwonyesha shamba. Akasema, "Wale pale, Bwana. Hawajapata kuwa wengi hivi."

Mkaguzi hakucheka. Sikuona nafasi ya kutaja usaidizi.

Alhamisi, 14 Februari

Skuli imefungwa. Reuben ameondoka na lori la mapema kuelekea Ndera kwa mjomba wake. Anasema atalima, maana serikali imekuwa ikimwambia hivyo tangu zamani. Nilimpa mkono. Aliutazama sana, kisha akaushika. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali.

Jicho la Huka limeziba. Godana amemlipa Mama Kaviha ndama, lakini ndama haliwi leo, na mpunga wa mwaka mzima umelala matopeni. Ndege wenyewe wameuhama.

Hiribae haniiti jina lolote tena. Ananyoosha kidole kwenye kamba, basi.

Jumamosi, 16 Februari

Leo nimemvusha Mama Kaviha. Anakwenda Ozi kwa kaka yake, yeye na watoto wote na vyungu vichwani, wakale huko mpaka mto ufurike tena na mpunga upandwe. Alimwuliza Hiribae kama hakuna mtu mwingine wa kuvuta. Hakuna.

Katikati ya mto nilimwambia, kwa upole, kwamba sasa watoto hawana ndege wa kuwinga, kwa hiyo huu ndio ungekuwa wakati mzuri wa skuli. Aliwageuza watoto wakatazama upande mwingine.

Nimekuwa nikifikiri tangu aliposhuka. Ozi kuna watoto tele, na mwalimu hawana. Reuben akipata barua yangu anaweza kurudi, na darasa lingehitaji msaidizi. Shida itakuwa moja tu: watoto wa huko kila asubuhi huenda kutazama mitego ya samaki ya baba zao. Hiyo nitaitazama mimi. Mtego hautembei.