Kiganja Kwenye Saruji

Jumatatu, 4 Machi

Mafunzo ya watafiti chipukizi yameanza. Chipukizi mwenye mvi ni mimi peke yangu! Kazi: saruji isiyochafua dunia, nusu yake udongo uliochomwa. Profesa ametangaza: atakayetengeneza michemraba ya saruji migumu kuliko yote ataajiriwa maabara. Wengine kwaheri. Kwangu kwaheri maana yake duka la shemeji, kupima misumari hadi kaburini. Ameshanipigia kuuliza saizi ya aproni. Mshenzi.

Tatizo ni Miwani, binti wa meza ya jirani. Anaosha hata ndoo safi. Ananiita anko. Nikamwambia mimi si anko wa mtu. Akasema sawa, anko.

Jumanne, 5 Machi

Hila imetimia! Miwani alipotoka kunywa chai, nikamtilia unga wa alumini kwenye kalibu zake, visanduku vya kuumbia michemraba. Unaitia saruji gesi, ikikauka inakuwa sifongo. Profesa mwenyewe katufundisha asubuhi. Ahsante, Profesa.

Ikaanza kufura papo hapo. Nikaikandamiza kwa kiganja. Vuguvugu. Kitu kikanisukuma kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Gesi tu.

Jumatano, 6 Machi

Tumefungua kalibu. Michemraba ya Miwani laini, bapa, haina hata kovu! Yangu ndiyo iliyofura. Juu ya kila mmoja kimetuna kiganja, kidole cha mwisho kimepinda. Changu kilipindishwa na mlango utotoni. Miwani akautazama mchemraba, akautazama mkono wangu, akasema kumbe anko unatia na sahihi. Darasa likaangua kicheko. Nilicheka kuliko wote.

Nimevisugua viganja kwa msasa hadi vikaisha.

Jumatatu, 11 Machi

Chumba cha kukomazia michemraba majini. Ukungu hadi kwenye kope. Nimekuja kubadilisha namba: yake laini iwe yangu, yangu iwe yake. Akili!

Chini ya maji viganja vimeota upya. Jumatano vidole vyote ila cha mwisho vilikuwa vimenyooka. Leo vimekunjwa, kama vinavyokunjwa ukimwita mtu aje. Nikavisugua tena, nikabandika namba, nikageuka. Mkono wa shati ukanasa. Nikavuta, ukaachia.

Nilikuwa katikati ya chumba. Hapana cha kunasia.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kuvunja michemraba kwa mashine. Yenye namba yangu ikasagika kama biskuti. Sifongo tupu! Alumini ilifanya kazi yake kimyakimya, nami kwa kubadilisha namba nimejibebea sifongo hiyo mwenyewe. Yenye namba ya Miwani ikaishinda mashine. Profesa akampongeza, akampa ajira. Kisha akaokota kipande changu, akakiinua kwenye mwanga. Ndani mna uwazi wenye umbo la mkono. Akauliza nilizika nini humo. Nikasema hewa. Akasema hewa haina kucha.

Miwani hakucheka. Aliniambia polepole: anko, nenda nyumbani.

Nyumbani! Wivu huo. Profesa kanihurumia, kesho nitachanganya upya, na nikifaulu kuna nafasi ya pili. Anayeiwania nami ni kijana mpole wa meza ya dirishani. Unga wa alumini ninao. Kosa langu lilikuwa moja tu: mkono mtupu. Mara hii navaa glavu.

Nimezijaribu sasa hivi. Ya kulia haiingii. Ina mkono tayari, vuguvugu, kidole cha mwisho kimepinda.

Si kitu. Kijiko cha alumini nitakishika kwa kushoto.